Onesmus Kilonzo na Mwendo wa Saa Tano Angani

Mchungaji, ndugu na jamaa, marafiki mliofika kutoka Satwa, Deira na Jumeirah Village Circle, na ninyi wenzake wa kazini ambao wengine mmeingia humu ukumbini na sare kwa sababu mmetoka zamu sasa hivi, familia ya marehemu Mzee Linus Musyoka na Mama Annah Kavinya wa Migwani imenituma mimi, Nick Mutinda, mtoto wa baba mdogo wa Onesmus, niwasomee maisha ya ndugu yetu kabla hatujamsafirisha kwenda nyumbani. Mama mkwe wake, Mama Mirriam Naliaka wa Kimilili, alinipigia simu jana akaniagiza nisimfanye marehemu kuwa malaika, kwa kuwa yeye anamjua vizuri na malaika hawaogopi ndege, kwa hiyo nitasema mambo yalivyokuwa, na pale mtakapotaka kucheka, chekeni, familia imeruhusu.

Onesmus Kilonzo Musyoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika kijiji cha Kyamboo, tarafa ya Migwani, wilaya ya Kitui ya wakati huo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga nyumba za matofali na mama yake alikuwa mkulima wa kunde na mtama, kazi ambayo anaifanya mpaka leo ingawa tumemkataza. Kwa wanaomkumbuka akiwa mdogo, alikuwa mtoto mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, na alipenda kukaa na wazee wa boma akiwasikiliza kuliko kucheza na wenzake, jambo lililomfanya mama yake ahofu kwamba ni mgonjwa, akampeleka zahanati akapimwa, akaonekana hana neno.

Mwaka wa 1985 alianza masomo yake katika Shule ya Msingi ya Kyamboo, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1992, kisha akajiunga na Shule ya Upili ya Wavulana ya Mukuyuni, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1996, akiwa nahodha wa timu ya voliboli na mwanakwaya wa sauti ya nne. Matokeo yake hayakuwa ya kumpeleka chuo kikuu, naye hakuwahi kumsingizia mwalimu wala maradhi, alisema tu kwamba hesabu na yeye waliachana kwa amani.

Mwaka wa 1997 alikwenda Nairobi akaajiriwa kuwa bawabu katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na mwaka wa 1999 akapata kazi ya kusukuma wagonjwa katika hospitali moja ya mjini, kutoka wodi kwenda chumba cha picha, kutoka chumba cha picha kwenda upasuaji, kazi aliyoifanya kwa muda wa miaka kumi. Huko ndiko alikojifunza tabia ambayo ninyi wenzake mliijua, ya kutomsukuma mtu kabla hajazunguka mbele ya kiti, akachuchumaa, akamtazama machoni na kumwambia jina lake na mahali wanakokwenda, maana alikuwa akisema kwamba mtu akisukumwa na asiyemjua huona kama anapelekwa kuuzwa.

Tarehe 3 Juni 2009 aliondoka Nairobi kuja Dubai, baada ya kupata mkataba wa kuwahudumia abiria wa viti vya magurudumu katika uwanja wa ndege wa hapa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Kutoka Nairobi hadi Dubai ni kilomita elfu tatu na mia tano na kitu, mwendo wa saa tano tu angani, lakini katika saa ya tatu, walipokuwa juu ya bahari, ndege iliingia katika hali mbaya ya hewa, ikatumbukia kama ndoo iliyokatikiwa na kamba kisimani, chai ikaruka hadi darini, watu wakapiga mayowe, na bibi aliyeketi karibu naye akamshika mkono huku akitubu dhambi zake kwa sauti, dhambi ambazo Onesmus alisema zilimtisha kuliko ndege yenyewe. Ndege ilitulia, wakatua salama, wengine wote wakasahau. Yeye hakusahau. Aliposhuka na miguu ikagusa sakafu, aliapa moyoni kwamba hatapanda tena chombo kile maisha yake yote, na alipokwisha kuapa ndipo alipokumbuka kwamba nyumbani kwao kuko ng'ambo ya bahari.

Basi ndugu yetu akaanza kazi, akaipenda, na ikampenda. Alikaa Satwa, katika chumba cha vitanda vya ghorofa, akiwa na rafiki yake Siraje, mtu wa Jinja, Uganda, ambaye yuko hapa mbele na wengi wenu mnamjua. Kila siku Onesmus alisukuma wazee, wagonjwa na kina mama wajawazito hadi mlangoni mwa ndege, akawakabidhi kwa wahudumu, akawaombea safari njema, akageuka. Mwenye kampuni alimpa likizo na tikiti kila mwaka kama mkataba ulivyosema, na kila mwaka aliomba abaki kazini. Sisi nyumbani tulipomuuliza alituambia kwamba arbab wake, yaani tajiri wake wa kazi, ni mtu mgumu, hatoi ruhusa. Tukamchukia sana huyo arbab. Tulimwombea mabaya kanisani, Mungu atusamehe, kumbe maskini alikuwa mtu mwema ambaye alichanganyikiwa kwa kuona kijana asiyetaka kwao.

Sehemu inayofuata familia iliijadili kama isomwe au isisomwe, na mama yake mzazi akaamua isomwe. Tarehe 21 Agosti 2012 Mzee Linus Musyoka alifariki dunia ghafla kule Kyamboo. Onesmus alipata ruhusa siku hiyohiyo, Siraje akamsindikiza, akapita ukaguzi, akapita uhamiaji, akafuata ule ujia mrefu wa kuingilia ndege ambao alikuwa ameupita mara nyingi akisukuma watu, akafika mlangoni, mhudumu akamkaribisha kwa tabasamu, na pale mguu ukakataa. Alisimama, watu wakampita kushoto na kulia, mhudumu akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, akageuka akarudi. Mzee alizikwa bila yeye. Alituambia kwamba ndege zilikuwa zimejaa. Tangu siku hiyo mama yake akaacha kumuuliza kwenye simu atarudi lini, wakawa wanazungumza juu ya mvua na mbuzi tu, na Onesmus alisema baadaye kwamba kule kutoulizwa kulimuuma kuliko kuulizwa.

Sasa nakuja kwenye habari ya ndoa, nayo ilianza ndani ya ndege.

Siku ya Alhamisi, tarehe 9 Aprili 2015, ndege ya kutoka Nairobi ilitua, abiria wote wakashuka isipokuwa mama mmoja mzee, aliyevaa kitambaa cha kichwani cha rangi ya machungwa na kukumbatia kikapu cha njugu, ambaye alikuwa amefunga mkanda wake na kukataa kuufungua. Wahudumu walimbembeleza kwa Kiingereza, wakambembeleza kwa ishara, mmoja akamletea juisi, akainywa, akabaki palepale. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimeagizwa kwa ajili yake, na aliyekileta alikuwa Onesmus. Alipomsikia yule mama akinung'unika kwa Kiswahili, alizunguka mbele kama kawaida yake, akachuchumaa.

"Shikamoo mama, mimi naitwa Onesmus, ni mtu wa Mwingi. Tumefika."

"Marahaba. Tumefika wapi?"

"Dubai, mama."

"Kijana, wacha kunichezea," akasema yule mama. "Mimi nilitoka Kimilili na basi asubuhi, nikafika Nairobi giza limeingia, na hapo nilikuwa bado Kenya. Sasa hapa nimepewa chai, nimekula kuku kidogo, nimesinzia kidogo, halafu unaniambia niko Uarabuni? Mtoto wangu amekuwa huku miaka mingi anasema ni mbali. Hapa ni Mombasa. Wengine wameshukia Mombasa, mimi nangojea Dubai."

Wahudumu wakamtazama Onesmus. Kusema kweli, alituambia baadaye, alichokisema yule mama kilikuwa na haki ndani yake, mtu anawezaje kumaliza siku nzima ndani ya nchi yake, kisha akavuka bahari na nchi za watu katika muda ambao hata nguo nzito hazijakauka kambani. Hakubishana naye. Alimwambia, "Sawa mama, kama ni Mombasa, basi tushuke wote tukatafute mahamri, na ikiwa si Mombasa nitakurudisha kwenye kiti chako mwenyewe." Mama akacheka, akafungua mkanda.

Njiani kote, kwenye vile vyumba virefu vyenye kung'aa, mama alikuwa akitazama huku na huku na kusema kwamba Mombasa imejengwa sana siku hizi. Walipotokea nje kwa wanaopokea wageni, binti yake, Metrine Nasambu, msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Deira, ambaye alikuwa amesubiri hadi akaanza kulia kwa kudhani mama amepotea, alikuja mbio akamkumbatia, na mama akamuuliza, "Metrine, na wewe umefika Mombasa lini?"

Huyo ndiye Mama Mirriam, na hivyo ndivyo Onesmus alivyomwona Metrine kwa mara ya kwanza, machozi usoni na kicheko mdomoni kwa wakati mmoja, naye alisema kwamba alisahau kuondoka, akabaki ameshika kiti kitupu mpaka msimamizi akamwita kwenye redio.

Metrine alimwalika yeye na Siraje chakula cha Ijumaa, kuwashukuru. Wakala ugali na mboga za kienyeji ambazo Mama alizikausha mwenyewe, wakala na njugu za kwenye kikapu, na walipomaliza kunawa mikono Mama akamuuliza Onesmus alikwenda kwao lini mara ya mwisho. Onesmus akatoa jibu lake la siku zote, kwamba mkubwa wake hatoi likizo.

Siraje akaweka kikombe chini. "Ssebo," akasema, yaani bwana kwa lugha ya kwao, "mwongopee polisi, mwongopee hata mimi. Huyu mama amekupikia. Mwambie ukweli."

Onesmus akasema yote, ile ndege ya kwanza, ile miaka yote, na ule mlango wa mwaka wa 2012. Alisema akitazama mkeka. Metrine alimsogezea glasi ya maji. Mama Mirriam ndiye aliyezungumza.

"Baba yako alizikwa, na wewe ulikuwa mlangoni?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Mimi narudi mwezi ujao," akasema Mama. "Tutarudi wote."

"Mama, siwezi."

"Mimi pia sikuweza kushuka. Uliniona. Ulinishusha wewe. Sasa mimi nitakupandisha, na hiyo ndiyo nauli ya ugali wangu."

Kwa wiki zilizofuata Onesmus alitafuta kila njia ya kukwepa. Alisema zamu zimebana, lakini msimamizi wake, Bwana Ghanim, aliposikia kwamba Onesmus huenda akaomba likizo, alimwita ofisini kabla hajaomba, akamwambia, "Khalas, imeshaandikwa. Kila mwaka naweka jina lako, kila mwaka unalifuta. Yalla, nenda kwa mama yako." Alisema hana zawadi za kupeleka, Siraje akaenda soko la Naif akamletea mablanketi, saa ya ukutani na viatu vya kila mtu. Alisema atapata homa. Akapata kweli, ikapona siku ya pili.

Tarehe 7 Mei 2015 alimsukuma Mama Mirriam hadi mlangoni mwa ndege, yeye mwenyewe akiwa na tikiti mfukoni na shati limemganda mgongoni. Alisimamisha kiti palepale alipozoea kukisimamisha. Mama akainuka polepole, akashika ukingo wa mlango, akaingia, hakumtazama wala hakumsihi. Onesmus akabaki nje. Kisha akasikia sauti ya Mama kutoka ndani, si kali, ya mtu aliyekwama tu, ikisema, "Onesmus, huu mkanda sijui kuufunga." Akaingia kumfungia mkanda, kazi ambayo mikono yake iliijua, akaufunga, na alipotaka kuinuka akakuta Mama ameshika mkono wa shati lake. "Keti hapo kidogo," akasema, "nina swali." Akaketi. Mama akafikiria swali lake kwa muda mrefu sana. Alipokuwa bado anafikiria, mlango ukafungwa.

Ndege iliporuka Onesmus alifumba macho na kuanza zaburi, lakini Mama hakumpa nafasi ya kumaliza aya hata moja, alianza kumsimulia jinsi alivyowazaa watoto wake tisa, mmoja baada ya mwingine, na kila ndege ilipotikisika alipandisha sauti, kiasi kwamba abiria wa viti vya mbele na nyuma waliokijua Kiswahili walizijua habari zote za ukunga wa Kimilili. Mbele yao palikuwa na kioo chenye ramani na kijindege kidogo kinachotambaa, Onesmus alitaka kukizima, Mama akakataa kwa kuwa macho yake hayasomi mbali, akawa anamuuliza kila mara kijindege kimefika wapi, na Onesmus akalazimika kufumbua macho na kusoma.

"Tumepita Omani, mama. Tuko baharini. Zimebaki kilomita elfu mbili na zaidi."

"Elfu mbili ni kama wapi na wapi?"

"Ni kama Kimilili kwenda Nairobi, mara tano."

"Hiyo ni ya basi. Kwa hiki je?"

"Kwa hiki ni kama saa tatu."

"Basi ni karibu," akasema Mama. "Sasa huyo wa tano, huyo ndiye Metrine, huyo alizaliwa akitanguliza miguu."

Walipokuwa juu ya Somalia ndege ilitikiswa sana, taa za mikanda zikawaka, na Onesmus akamshika Mama mkono kwa nguvu hadi pete ya Mama ikamkata kidole mwenyewe, lakini hakuutoa mkono, aliendelea tu na habari ya mtoto wa saba. Na Onesmus alituambia kitu ambacho familia inapenda nanyi mkijue, kwamba hofu haikuondoka, ilikaa naye mwendo wote, ila kwa mara ya kwanza haikuwa na kiti cha kukalia, kwa sababu upande mmoja palikuwa na dirisha na upande mwingine palikuwa na Mama Mirriam.

Wakatua Nairobi. Abiria wote wakashuka, na Onesmus akabaki ameinama, analia kama mtoto. Mama akamwacha alie mpaka akaridhika, kisha akamgonga goti. "Haya, shuka," akasema, "isije ikawa ni Mombasa."

Jioni ya siku iliyofuata alifika Kyamboo. Mama yake alikuwa uani anapukuchua kunde, akainua kichwa, akamwona mtoto wake ambaye hakumwona kwa miaka sita amesimama langoni na sanduku, na mimi nilikuwepo, nilimwona akifuta mikono kwa kanga. Alichosema ni, "Umekula?" Akampakulia muthokoi wa mahindi na kunde, akakaa mbele yake akimtazama anavyokula, akamwongezea bila kumuuliza.

Asubuhi yake alituita sote kwenye kaburi la baba yake, akatueleza kuhusu ule mlango, akaomba radhi kwa baba na kwetu. Ndipo mama yake akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomshinda kukizuia, tukadhani uchungu umempanda kichwani. "Huyu mzee aliyelala hapa," akasema, "alijenga nyumba za watu miaka arobaini, na hakuna siku aliyowahi kupanda ngazi kuezeka paa. Alikuwa akiniambia anaumwa mgongo. Nilimjua, nikanyamaza. Kilonzo, mwanangu, baba yako angekuelewa kuliko sisi sote." Onesmus alikaa kando ya kaburi lile mchana kutwa, na aliporudi nyumbani alikuwa anapiga mluzi.

Tangu mwaka huo hakukosa likizo hata moja.

Tarehe 9 Aprili 2016, mwaka mmoja kamili tangu Mama Mirriam akatae kushuka, Onesmus na Metrine walifunga ndoa takatifu kanisani Kimilili. Wazee wa Kibukusu walipotaka kujua bwana harusi ni wa ukoo gani na tabia zake zikoje, Mama Mirriam aliwaambia wasijisumbue, yeye alimchunguza kwa saa tano mfululizo akiwa amefungwa mkanda, hana pa kukimbilia. Mungu aliwajalia watoto wawili, wote wamezaliwa hapa Dubai, Annah Kavinya, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2017, na Linus Musyoka, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2018. Familia ilihama Satwa ikapanga nyumba ndogo Jumeirah Village Circle, yenye roshani ambako Metrine anapanda sukuma wiki kwenye makopo, na wengi wenu mmeila.

Kazini alipandishwa cheo mwaka wa 2016 akawa kiongozi wa zamu, na ikawa desturi kwamba kila abiria anapokwama mlangoni mwa ndege, awe Mwafrika au mtu wa kokote, Onesmus huitwa. Hakuwa na dawa ya pekee. Aliketi naye, akamwuliza anakwenda kwa nani, akamwacha aseme juu ya huyo anayekwenda kwake, na wengi walipanda wakiwa bado wanaongea. Si wote. Wapo waliorudi nyumbani kwao mjini, naye aliwasindikiza hadi teksi bila kuwaaibisha, kwa kuwa njia ile ya kurudi aliijua. Mwaka ule ndege za hapa zilipoanza kwenda moja kwa moja hadi Auckland, kule mwisho wa dunia, mwendo wa zaidi ya saa kumi na sita, alimpigia simu mama mkwe wake akamwambia kwamba imepatikana safari ambayo angeweza kumaliza watoto wake wote tisa na wa jirani pia. Mwaka wa 2017 alikwenda mwenyewe Migwani akamleta mama yake mzazi kumwona mjukuu aliyepewa jina lake, akamkalia karibu mwendo wote, na Mama Annah anasema kwamba mtoto wake aliufinya mkono wake ndege ilipotikisika, naye akajifanya hajui.

Mwezi wa Februari 2019 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, na baada ya vipimo aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, ambayo tayari ilikuwa imesambaa. Daktari wake, Bi. Angella, alimweleza bila kumficha na bila kumharakisha. Alitibiwa kwa miezi kadhaa, akapata nafuu mwezi wa Juni, na mwezi wa Julai akaomba kwenda kuwaona wazazi wote wawili, wa Migwani na wa Kimilili. Safari hiyo Siraje ndiye aliyemsukuma, baada ya kumzunguka mbele, kuchuchumaa na kumwambia, "Mimi naitwa Siraje, tunakwenda Nairobi," wakacheka hadi watu wa ukaguzi wakauliza kuna nini. Alikaa nyumbani wiki tatu, akala vyakula vyote alivyokatazwa, akasuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba uliotushinda sisi, akarudi kwa mke na watoto wake na kwa matibabu.

Mwezi wa Novemba hali ilibadilika. Alilazwa, na siku za mwisho hakuwa na maumivu makali, tunawashukuru madaktari kwa hilo. Siku ya Ijumaa alimwambia Metrine kwamba hana analolidai duniani, amependwa na mama watatu, wakati wengine hupata mmoja tu, na akataja majina yao, Annah aliyemzaa, Mirriam aliyempandisha, na Annah mdogo ambaye humkemea akivaa viatu sebuleni. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2019, asubuhi, jua likiwa limeshaingia chumbani, mkewe akiwa amemshika mkono, Onesmus Kilonzo Musyoka alilala katika Bwana akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Familia inamshukuru Daktari Angella na wauguzi wote waliomhudumia, ambao walimruhusu Linus mdogo alale kitandani kwa baba yake kinyume cha taratibu. Tunawashukuru majirani wa Jumeirah Village Circle, hasa wale waliowachukua watoto wiki hizi zote na kupika zamu kwa zamu, na madam wa pale hotelini aliyempa Metrine muda bila kumkata chochote. Tunamshukuru Bwana Ghanim, aliyeshughulikia taratibu za kumsafirisha kwa mkono wake mwenyewe, na ninyi wenzake wa uwanjani, Wakenya, Waganda, Wahindi na Wafilipino, mlioomba ninyi wenyewe mmfikishe hadi kwenye ndege siku ya Jumapili. Ndugu Siraje, kwetu Migwani wewe si mgeni tena, shamba lako la kulima kunde lipo. Mazishi yatakuwa Jumatano, tarehe 27 Novemba, nyumbani Kyamboo, na Mama Mirriam ameshaondoka Kimilili ili awahi.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wawili, mama mzazi, ndugu wanne na jamaa wengi.

Kilonzo, mama yako amekataa ulazwe mochari ya Mwingi mjini hata usiku mmoja. Amefagia uani, ametoa meza zote sebuleni ili upate nafasi, ametandika lile blanketi ulilomletea, na amesema mtakesha wawili, yeye ana mengi ya kukueleza juu ya mvua na mbuzi. Nenda kwake, ndugu yetu, ukapumzike kwa amani.